Gundi ya Vigae Vyekundu

Mpini wa panga ukilegea, watu wengi hufanya upuuzi. Wanachomeka kijiti, wanafunga kitambaa, wanamwagia maji ili mti uvimbe. Kesho yake panga linachomoka mkononi na kumkosa jirani sikio kwa unywele. Nimewaona mimi, kwa macho yangu. Hata leo, pamoja na uzee wangu, nikimkuta mtu anagonga mpini chini ili ukaze, mkono unaniwasha nimnyang'anye.

Baba yangu mzazi alikuwa mtengeneza mipini huko chini, upande wa Siakago, kwenye joto na mbuzi na vumbi. Kaka zangu hawakutaka kukaa motoni, kwa hiyo nilikaa mimi. Wanawake wa kwetu walifinyanga vyungu, na mimi nikaokota vile vilivyovunjika, kwa sababu vigae vyake ndivyo vilivyokuwa nusu ya kazi yetu.

Nusu nyingine ilikuwa utomvu. Kuna mti wa nyika unaotoa utomvu mgumu, mweusimweusi. Si ule wa mgunga, maana wa mgunga ukiguswa na mvua unayeyuka wote. Huu wetu unaupasha moto mpaka ulainike, unaongeza nta ya nyuki kidogo, unamimina kwenye tundu la mpini, kisha unachomeka chuma. Lakini ole wako uumimine peke yake! Ukipoa utang'aa vizuri, utajisifu, halafu pigo la kwanza kwenye kisiki unapasuka vipande. Lazima uulishe unga wa vigae. Ukiuzidishia unga, nao unamomonyoka. Watu wote waliojua kazi hii walijua hivyo.

Wasichojua ni kwamba unga wenyewe ni wa aina mbili. Wao walisaga laini tu, wakidhani ulaini ndio ufundi. Baba alinifundisha kusaga mmoja laini wa kuchuja kwa kitambaa, na mwingine wa chengachenga, kama mtama uliovunjwa. Zile chenga ndizo zinazobeba pigo. Ule laini unaingia katikati yao usiache mwanya, na utomvu unabaki mchache tu, wa kuvishikanisha. Gundi ya namna hiyo ukiivunja unaona vijipunje vyekundu ndani, vimebanana. Naeleza haya kwa urefu kwa sababu mtu alichukuliwa na askari kwa ajili ya hizo chenga, na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo nikitazama.

Mume wangu alikuwa mtu wa milimani, wa upande wa Githongo. Aliteremka kwetu kununua mbuzi, panga lake likamwachia njiani, akaja kumtafuta baba. Baba alikuwa msibani. Nikalitengeneza mimi. Mwezi uliofuata akarudi na panga jingine limelegea, na mara ya tatu nikaona wazi kwamba huyu anavunja mipini makusudi. Nikamwambia, "Wewe, siku moja utajikata mguu kwa uongo wako." Akacheka. Ndivyo nilivyoolewa.

Huko milimani nilikuta baridi, matope mekundu, kahawa, na watu wanaocheka jinsi ninavyotamka maneno. Wakaniita "huyu wa mbuzi." Nilikuta pia kwamba baba mkwe wangu alikuwa fundi. Alichonga mizinga, viti, mipini, na alikuwa na maneno kuliko redio. Hakuna kitu alichokitengeneza asikisifu. Akimaliza kigoda anakizunguka, anakipiga kofi, anasema, "Hiki hata mzungu akikalia hatainuka." Watu wakimwona anakuja walianza kutabasamu kabla hajafika.

Basi mimi nikaanza kutengeneza mipini, na mipini yangu haikuachia hata kwenye mvua za Aprili. Wateja wake wakaja kwangu mmoja mmoja. Mwingine angenuna. Yeye alishikwa na hamu tu, hamu ya kuumwa. Kwetu mke wa mtoto hampi baba mkwe kitu mkono kwa mkono. Unakiweka chini, unarudi nyuma hatua mbili, naye anakichukua. Kwa hiyo akitaka kuona panga nililotengeneza, nililiweka chini, nikasimama kando nikimtazama akilinusa na kulikwaruza kwa kucha. Siku moja alilamba.

"Mama," ananiita, kwa heshima, ingawa ningeweza kuwa bintiye wa mwisho. "Hapa umetia nini? Damu ya mbuzi?"

"Nimetia maombi, baba."

"Maombi! Basi mimi ni mkristo kuliko wewe na yangu inapasuka. Nieleze vizuri."

"Omba zaidi, baba."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini kesho yake anauliza tena. Miaka mitatu aliuliza, na miaka mitatu nilimnyima. Sasa nasema ukweli: haikuwa mzaha peke yake. Pale nilikuwa sina ardhi, sina ndugu, hata lugha yangu ilikuwa kichekesho. Kitu pekee kilichokuwa changu ni zile chenga, na nilizifumbata kwa roho mbaya. Ndivyo ilivyokuwa.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Sisi tuliita tu emajensi, na neno lenyewe lilikuwa mdomoni mwa kila mtu hata watoto. Kwanza lilipita lori likakusanya mapanga yote. Hawakutaka mipini, walitaka chuma tu. Wale wenye haraka walivunja mpini palepale barabarani na kutupa chuma kwenye lori, kwa hiyo siku ile njia nzima ilibaki imejaa mipini mitupu. Hatukuyaona tena mapanga yetu, na kazi yangu ikafa siku hiyo.

Baadaye tukahamishwa. Nyumba za zamani zilichomwa tukiwa tunatazama, tukaambiwa tujenge vibanda kwa mistari, kimoja karibu na kingine hivi kwamba jirani akikohoa unamjibu. Tukachimba handaki kuzunguka kijiji chote, wanawake wengi zaidi kuliko wanaume, na chini ya handaki tukasimika vijiti vilivyochongwa. Tulijichimbia wenyewe. Lango lilikuwa moja tu, na kando yake kituo cha homugadi, wale askari wa kijiji waliokuwa wenyeji kama sisi. Kutoka shambani ilikuwa kwa filimbi, na kurudi kwa filimbi.

Mkuu wa homugadi alikuwa mtu wa mtaa wetu. Kabla ya hayo tulimjua kama mtu mpole, wa kupalilia kahawa yake na kwenda kanisani. Upole haukumtoka, na hilo ndilo lililotutisha. Wengine walipiga kelele na viboko. Yeye alikujia polepole, anakuuliza habari za mtoto, anasimama kimya akikutazama mikono. Mtu aliyeulizwa habari za mtoto Jumatatu, Alhamisi hayupo. Na sote tulijua sheria ilivyo: risasi moja tu mfukoni, ni kamba. Bunduki ya kujitengenezea, ni kamba kwa aliyeibeba na aliyeiunda.

Nilikuwa na bonge la gundi lililobaki, nililolichanganya kabla ya mapanga kuchukuliwa. Nilikuwa nalitumia kuziba vibuyu. Alasiri moja mume wangu aliingia, akasimama mlangoni, akasema, "Nikatie kipande. Kuna mwenzangu shambani jembe lake linacheza."

Jembe lina pete yake ya chuma. Halihitaji gundi. Yeye alijua, na alijua kwamba mimi najua. Nilimtazama, naye akatazama kuni. Nikaliweka bonge karibu na moto likalainika, nikakata, akasema, "Ongeza." Nikakata tena. Alichukua kiasi cha kujaza viganja viwili.

Singeweza kusema baadaye kwamba nilidanganywa. Nilijua, tangu lile neno "ongeza." Sikumuuliza chochote kwa sababu nikiuliza atanijibu, na akinijibu nitakuwa na kitu cha kusema siku nitakapopigwa. Nilikuwa na mtoto wa kike mgongoni, wa miezi saba. Nikaanza kuhesabu siku bila kujua nahesabia nini.

Zilipita wiki kadhaa. Asubuhi moja filimbi ililia na lango halikufunguliwa. Tukaambiwa twende uwanjani, wanaume mstari huu, wanawake ule. Homugadi walikuwa wamerudi kutoka ukingo wa msitu na kitu kwenye gunia. Mkuu wao akakitoa. Kilikuwa bomba la chuma na kipande cha mti, bunduki ya kienyeji, na mahali bomba lilipokutana na mti palikuwa pamepasuka.

Hakwenda kwenye mstari wa wanaume. Alikuja kwetu, kwa sababu sisi wanawake ndio tulioshukiwa kupeleka chakula msituni. Alipita polepole na kile kitu mikononi, akimwonyesha kila mmoja, akimtazama uso. Alipofika kwangu niliona ndani ya ule mpasuko. Niliona vijipunje vyekundu, vimebanana vizuri, kazi safi kabisa. Mama mkwe alikuwa kando yangu, naye aliona.

"Mtoto hajambo?" mkuu akaniuliza.

"Hajambo."

Akapita. Akakirudisha kwenye gunia kabla ya kuwageukia wanaume, kisha akasema kwa ile sauti yake ya kanisani kwamba hana haraka. Chuma kinaweza kutoka popote, alisema, mti unaweza kutoka popote, lakini gundi ina mwenyewe. Katika kijiji hiki kuna watu wawili tu wanaojua gundi: fundi mizinga na mke wa mwanawe. Keshokutwa asubuhi Bwana Shauri, yule mzungu wa wilaya, atakuwepo. Kila mmoja wetu atachanganya gundi yake hapa uwanjani, mbele ya watu wote, kwa njia yake ya siku zote. "Mkono haujui kuficha," akasema.

Nyumbani mume wangu alikaa chini kama aliyevunjika miguu. Akasema, "Nitakwenda nijitaje."

"Ujitaje halafu? Gundi umetoa wapi? Watanichukua na mimi. Na huyu?" Nikamgeuzia mgongo aone mtoto. "Kaa hapo. Usinitoe machozi."

Nilikuwa na hasira naye ya kumuuma. Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kazi. Nitachanganya vibaya. Nitatia majivu, mengi, na gundi itamomonyoka mbele ya macho yao. Kisu changu cha jikoni kilikuwa na mpini wa gundi yangu, nikakitupa chooni kabla jua halijazama. Baadaye sana niliambiwa kwamba wanawake watatu wa mtaa wetu walitupa vyao siku hiyo hiyo, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Utauliza, je, baba mkwe? Sikumwonya? Nilifikiri. Lakini kumwonya yule mtu kitu ni kukitangaza sokoni, na kibanda chake kilipakana na cha homugadi. Tena niliona hakuna haja. Gundi yake naijua: unga laini peke yake, haijawahi kufanana na yangu hata siku moja. Atachanganya yake, itapasuka kama kawaida, mimi yangu itamomonyoka, na mkuu atakwenda kumtafuta fundi wake katika kijiji kingine. Nilijiona mwerevu. Kesho yake nilipika, nikala, nikanyonyesha, na sikumwambia kitu.

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu. Bwana Shauri alikuwa kijana mwekundu wa shingo, ameketi kwenye kiti cha kukunja na daftari. Ilikuwa imewashwa mioto miwili. Baba mkwe alikuja amevaa koti lake la kanisani. Ngai! Koti la kanisani. Alinipungia kwa mbali, akasema kwa sauti, "Leo utaona, mama!" Nikadhani ni majigambo yake ya kila siku.

Nilianza mimi. Nikayeyusha utomvu, nikaukoroga kwa fujo, nikatupia majivu konzi nne. Nikamimina kwenye tundu la kipande cha mti, nikachomeka chuma walichonipa. Kilipopoa, mkuu akakivuta kwa vidole viwili kikachomoka, na gundi ikaanguka chini vumbi tupu. Watu walicheka. Wanawake niliowatengenezea mapanga miaka yote ile walicheka kwa sauti kuliko wengine, nami nilielewa wananifanyia nini.

Mkuu hakucheka. "Hii ndiyo gundi watu wanayosifu mpaka Nkubu?"

Nilisema kile ambacho mke wa mtoto yeyote mwenye adabu angesema. Niliinamisha kichwa nikasema, "Watu hunisifu kwa heshima ya nyumba tu. Fundi ni baba."

Lilinitoka hivyo hivyo. Kwetu ukisifiwa mbele ya baba mkwe, sifa unamrudishia. Wala sikuwa nimefikiri. Lakini niliposema nikamwona uso. Miaka mitatu yule mzee alikuwa akingoja neno hilo kinywani mwangu, na leo amelisikia mbele ya kijiji kizima na mzungu na daftari. Alivimba kwa furaha. Alikunja mikono ya koti lake, akapiga magoti kwenye moto wake, akasema, "Sasa tazameni."

Nilirudi kwenye mstari wa wanawake, kando ya mama mkwe. Naye baba mkwe akatoa mfukoni vifuko viwili.

Viwili! Nilivitambua kabla hajavifungua. Baadaye nilielezwa alivyofanya. Siku ya lori aliokota barabarani mpini mmoja mtupu, wenye gundi yangu bado tunduni. Aliikwangua ile gundi, akaiweka motoni juu ya kigae, utomvu ukaungua wote, na kilichobaki juu ya kigae ni unga. Akaupuliza, ule laini ukaruka, chenga zikabaki. Kitu nilichomficha miaka mitatu kilikuwa wazi mbele yake kwa pumzi moja. Alikuwa amekaa nacho miezi, akisaga kimyakimya, akingoja siku ya kunishangaza. Yeye hakuwa ameuona mpasuko wa ile bunduki. Bunduki haikuwa yake, mikono yake ilikuwa safi, basi aogope nini? Na hata kama angeogopa, sijui. Yule mtu angechanganya gundi mbaya mbele ya watu? Mimi niliweza. Yeye asingeweza hata kwa kamba shingoni.

Akamimina unga laini. Akakoroga. Akamimina chenga, kidogo kidogo, kwa kipimo ambacho ningetumia mimi mwenyewe. Niliona utomvu ukitoa mapovu madogomadogo pembeni, nikajua amekosea kitu kimoja, lakini hakuna mwingine pale ambaye angejua maana yake. Kinywa changu kilifunguka. Sijui ningesema nini. Labda ningeita tu, "Baba!" Vidole vya mama mkwe vikanishika kifundo cha mkono, vikabana mpaka mfupa ukaniuma. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama mumewe, aliyezaa naye watoto sita, akiwa amepiga magoti na koti la kanisani. Alisema kwa midomo iliyofungwa, "Nyamaza. Huyu akiokoka, huyo mwingine ni mwanangu."

Nikanyamaza.

Chuma chake kilishika. Mkuu alivuta kwa mkono mmoja, kwa mikono miwili, akakanyaga mti kwa buti na kuvuta tena. Hakikutoka. Baba mkwe akainuka, akajipangusa magoti, akanigeukia mimi, si mkuu wala mzungu. Mimi. Meno yote nje. Alitaka nione.

Mkuu akaagiza nyundo. Akapasua ile gundi, akachukua kipande, akafungua gunia, akaweka vipande viwili kando kwa kando juu ya daftari la Bwana Shauri. Vijipunje vyekundu huku, vijipunje vyekundu huku. Akamwita baba mkwe aje atazame. Yule mzee akainama, akatazama karibu kabisa kama alivyokuwa akitazama mapanga yangu, na akakaa ameinama muda mrefu. Tabasamu halikumtoka mara moja. Lilikaa usoni halina kazi. Alipoinuka hakunitazama tena. Walimfunga mikono kwa mbele, na akaenda nao bila kusema neno, yeye aliyekuwa na maneno kuliko redio.

Mume wangu alitaka kukimbia kuwafuata. Wanaume wawili walimshika mabega wakijifanya wanamfariji.

Mama mkwe hakulia mbele yetu. Alipika nduma na ndizi, akavifunga kwenye jani, akaviweka mbele yangu. "Chakula chake utapeleka wewe," akasema. Nilianza kusema kitu. "Sitaki kusikia," akasema. "Utapeleka wewe."

Baba mkwe alikaa kituoni siku mbili wakingoja lori. Siku ya kwanza askari walipokea chakula langoni. Siku ya pili asubuhi waliniruhusu nifike kwenye waya. Alikuwa ameketi chini, jicho moja limevimba, koti halina tena vifungo. Niliweka chakula chini, nikakisukuma chini ya waya, nikarudi nyuma hatua mbili kama inavyopasa. Askari alisimama mbali kidogo akivuta sigara. Baba mkwe alivuta lile jani kwa mikono yake iliyofungwa. Alikula kidogo. Nilijua kwamba alichohitaji ni kusema jina langu tu, moja, na angekwenda nyumbani kulala. Alikuwa ameviona vile vipande viwili kwa karibu kuliko mtu yeyote. Alikuwa anajua yote.

"Mama," akasema polepole, bila kuinua kichwa.

"Naam, baba."

"Yangu ilikuwa na mapovu ndani. Nimeona nilipoinama. Vitundu vidogo. Ile nyingine haikuwa navyo." Akatafuna, akameza. "Kwa nini?"

Nilitazama alipo askari. Kisha nikamwambia, kwa sababu hakuna kitu kingine duniani nilichoweza kumpa mtu yule. "Unga unaukaanga kwanza, baba. Kikaangoni, kabla ya kuchanganya. Vigae vinaficha unyevu. Ukitia mbichi, vinatoa mvuke ndani."

Kisha akapiga paja lake kwa ngumi zote mbili, zilizofungwa pamoja. "Kumbe!" akasema. "Kukaanga tu!"

"Kukaanga tu."

Akacheka. Haki ya Mungu, alicheka, kidogo, kwa pua, na lile jicho lililovimba likatoa maji. Akatikisa kichwa. "Kitu kidogo hivyo, mama," akasema. "Miaka mitatu."

Hakuniuliza juu ya bunduki, wala majivu yangu, wala mwanawe. Lori lilifika akiwa bado ameshika ndizi, wakamwambia aiache. Aliiweka chini juu ya jani, akalikunja vizuri, akalisukuma kwangu chini ya waya. Hakurudi, na hatukuambiwa alizikwa wapi.